Picha ya Emil Isiyo na Miguu

Emil Hudak alifanya kazi miaka thelathini na mitano kwenye kiwanda cha vioo, akalea mabinti wanne, akaezeka nusu ya mapaa ya mji wetu bila kudai hata senti. Unadhani anakumbukwa kwa hayo? Thubutu! Anakumbukwa kwa mpira mmoja wa besiboli uliomponyoka mwaka 1936, mji mzima ukitazama, tukakosa kombe.

"Jua lilinipiga machoni," ndivyo alivyosema siku zote. Alisema kwa kinyozi, alisema kanisani, alisema hata kwenye harusi yake mwenyewe.

Mimi Verna nina mgahawa mkabala na kiwanda. Mjane wa mpiga picha wa mji wetu alinipa sanduku zima la picha za timu yetu ya zamani, nikazitia fremu na kuzitundika ukutani. Wee, vurugu lake! Kila mteja anamtafuta babu yake, na ole wangu nikimweka karibu na choo. Iliyopendeza kuliko zote niliitundika mwisho, usiku, ya Emil siku ile: mikono juu, mdomo wazi, mpira unampita vidoleni.

Asubuhi akaja kunywa kahawa, wa kwanza kama kawaida. Akaiona.

"Verna, mwanangu, itoe."

"Acha hizo, mzee! Watacheka kidogo, basi."

"Kucheka wacheke, nimezoea. Tazama chini."

Pale pichani kivuli chake kilikuwa kimelala majanini mbele yake, cheusi ti. Jua lilikuwa mgongoni!

"Niliogopa tu," akasema, masikio yamemwiva. "Niliuona vizuri kabisa. Nikawaza, nikiukosa je?"

Aliniuma moyoni, mzee wa watu. Nikashusha fremu, nikakata upya kadibodi ya ukingo, pana kwa chini, ikafunika kivuli, majani na viatu. Emil akabaki magoti kwenda juu, kama mtu anayevuka mto.

Saa sita, Emil bado yupo na kikombe chake, akaingia Lester Kovalik, ndiye aliyekuwa mrushaji wetu siku ile. Akaikazia macho picha.

"Verna, mbona mtu hana miguu?"

"Ndiyo mtindo wa siku hizi."

"Mtindo gani! Picha hii ilitoka gazetini wiki ile ile, na miguu yake yote. Mji mzima tuliiona."

Nilitamani ardhi inimeze.

"Gazetini?" Emil akauliza.

"Ungeionea wapi wewe? Ulijifungia kwa mama yako wiki mbili."

"Kwa hiyo miaka yote hii mlijua?"

"Tulijua." Lester akavuta kiti, akakaa naye. "Ulitoka mle ndani umekonda, huli, husemi na mtu. Neno lako la kwanza likawa jua. Tungekubishia?"

Emil akaangua kilio pale pale, mbele ya wateja wote. Lester akamsogezea sukari.