Ukisema Nakuja, Kuna Mtu Amesimama

Kuna siku moja ya theluji ambayo naikumbuka hata nisipotaka kuikumbuka. Nakusimulia wewe, Wambui mwanangu, kwa sababu Alhamisi unapanda ndege kwenda Japani, na pia kwa sababu Jumapili ulinikasirisha. Ulikuja hapa Ruiru kunisalimu, nikakuwekea chai, simu yako ikalia, ukasimama. "Cucu, nakuja," ukaniambia, ukatoka getini. Nilikaa pale mpaka chai yako ikafanya ngozi juu. Baadaye ndipo nikasikia ulikuwa umesharudi kwako Kahawa Sukari.

Najua hukufanya kwa ubaya. Sisi hapa ndivyo tunavyosema: mtu anaondoka na kusema anakuja. Mgeni mmoja wa Kitanzania aliwahi kuniuliza kanisani, "Nyinyi Wakenya, mbona mnakuja mkienda?" Nilicheka sana. Lakini kuna mahali ambapo neno hilo nusura liue mtu, na mdomo uliolisema ni huu huu wangu.

Nilikuwa wa umri wako, mwembamba, usicheke. Kanisa letu la Thika lilikuwa na urafiki na kanisa dogo la Japani, wakanipeleka huko kujifunza kazi ya kulea watoto wa chekechea. Mji wenyewe ulikuwa wa milimani, na baridi yake ilikuwa ya kumfanya mtu akumbuke dhambi zake zote. Nilipangiwa chumba kwa mjane mmoja aliyeitwa Fumi. Kwao bibi huitwa obaasan, lakini mimi nilimwita Cucu Fumi, kama tunavyowaita bibi zetu kwa Kikuyu, tangu siku ya kwanza, naye akaitika.

Cucu Fumi ndiye aliyenifundisha kuishi. Kuvua viatu mlangoni na kuvigeuza vitazame nje. Kutenga takataka kwa makini kama anayechagua mbegu za kupanda. Kunyamaza ndani ya treni, jambo lililonishinda kwa muda mrefu. Na kila nilipotoka alitaka nimwambie ninakwenda wapi na nitarudi lini. Hilo la mwisho liliniudhi. Nilikuwa nimetoka Kiandutu, mtaa wetu wa mabanda pale Thika, ambako jirani anajua umepika nini kabla hujaonja chumvi, nikadhani hatimaye nimefika mahali pa kupumua.

Basi ikafika Mwaka Mpya, nikiwa katika mwaka wangu wa tatu. Huko watu hupanda kwenda hekaluni kuomba heri ya mwaka. Cucu Fumi hakuwahi kukosa tangu alipoolewa. Binti yake Keiko, aliyekuwa muuguzi, alipita asubuhi akiwahi zamu yake, akanivuta pembeni. "Kifua cha mama ni kibovu," akaniambia polepole ili nielewe. "Ukienda naye, usimwache." Nikamjibu asijali. Mimi ni Mkristo, sikuwa na la kuomba kule, na miaka ya nyuma sikwenda, lakini safari hii nilitaka kuona, na mzee hasindikizwi na maneno.

Hekalu liko juu ya kilima, na watu siku hiyo walikuwa wengi ajabu. Tulipanda ngazi taratibu, yeye amenishika mkono. Juu kulikuwa na wauzaji wa vyakula, na pembeni kulikuwa na taa kubwa ya mawe. Tukasimama chini yake, karibu na mama aliyekuwa akiuza kinywaji cha moto cha wali uliochachushwa, kitamu, ambacho kwetu tungekiita uji tu. Cucu Fumi akasema tunywe. Theluji ilikuwa imeanza, nyepesi.

Hapo ndipo nikasikia nyuma yangu mtu akifoka, "Wee! Kuja hapa! Nitakuchapa mbele ya hawa watu!"

Mwanangu, nilikuwa na miezi mingi sijasikia Kiswahili kikitoka kwenye mdomo mwingine. Nikageuka, nikaona mwanamke mweusi na kofia ya sufu akimfukuza mtoto kati ya Wajapani. Nikamwambia Cucu Fumi neno lile tunalolisema sisi, nikalitafsiri neno kwa neno kwa Kijapani: "Kimasu." Nakuja. Nikaondoka.

Yule mwanamke aliitwa Nafula, mtu wa Bungoma, mumewe akisoma chuo katika mji wa jirani. Tulikumbatiana kama tuliozaliwa tumbo moja. "Aki wewe ni wa Thika? Si mimi nimeishi Makongeni!" akapiga kelele. "Na unanyauka hivi, hawakupi ugali? Twende kwa gari, kuna chai ya maziwa kwa themosi, na mandazi nimepika mwenyewe." Nikawafuata kwenye njia ya kushukia nyuma ya kilima. Tulikaa ndani ya gari pamoja na mumewe, tukinywa, tukicheka, tukiuliziana habari za nyumbani. Madirisha yakajaa mvuke, nasi hatukuona nje. Nafula alipofungua mlango kumwaga majani ya chai, theluji iliingia mpaka kwenye viti. Ulimwengu ulikuwa umekuwa mweupe.

Nikaruka nje. Njia tuliyoshukia ilikuwa imefungwa kwa kamba, na wazee wenye makoti ya bluu walikuwa wameshika filimbi. Ilikuwa njia ya kushukia tu. Anayetaka kupanda azunguke kilima, apange foleni upya upande wa mbele. Niliiona ile foleni kwa mbali, imetulia tuli. Nikajaribu kupita chini ya kamba, filimbi ikalia, mzee mmoja akanizuia kwa mkono. Nikaanza kulia kwa Kikuyu, Kijapani chote kimenitoka. Mume wa Nafula akaja mbio kunisemea.

"Kuna mama mzee huko juu," akamweleza, "ana ugonjwa wa kifua."

Mzee wa kamba akatikisa kichwa kwa upole. Hakuna atakayesimama kwenye theluji hii, akasema. Kuna chumba cha kupumzikia chenye moto. Atakuwa ameingia humo, au ameshuka kwenda nyumbani.

Nami nilitaka sana kumwamini. Lakini nilimjua Cucu Fumi. Nikajifuta kamasi nikasema mwenyewe, kwa Kijapani changu kibovu, "Hajaingia. Nilimwambia nakuja."

Uso wa yule mzee ulibadilika. Hakuuliza neno jingine. Aliinua kamba, akapuliza filimbi ili watu wapishe njia, akatangulia kupanda mbele yangu, mzee mzima, akikimbia. Nilishangaa, maana ugonjwa ulikuwa umetajwa, nilikuwa nimelia, na hakuna kilichomsogeza, ila neno nililolisema bila kulifikiria. Ni hapo moyo wangu ulipoanza kuogopa kweli. Nilielewa kuwa sikujua nilichomwambia Cucu Fumi: kwao aliyeambiwa hivyo husubiri pale pale.

Tulimkuta pale pale chini ya taa ya mawe. Muuzaji wa uji alikuwa ameshafunga vyombo. Theluji ilikuwa imemlalia mabegani na juu ya skafu, na mwavuli wake ulikuwa unaning'inia mkononi bila kufunguliwa. Hakuweza kuufungua. Mikono yake yote miwili ilikuwa imeshika vikombe, chake na changu. Changu kilikuwa kimejaa, juu kimegandamana na theluji. Chake pia hakuwa amekinywa.

Alinitazama, midomo imebadilika rangi, akaninyooshea kikombe. "Ulisema unakuja," akasema. Hakulaumu. Alikuwa anamweleza yule mzee wa kamba kwa nini yuko pale.

Nikambeba mgongoni. Alikuwa mwepesi, na pumzi yake ilikuwa ikikwaruza shingoni mwangu. Kufika hospitali Keiko alikuwa kwenye zamu. Alimpokea mama yake, akanitazama mara moja, na tangu hapo hakunitazama tena. Mapafu yalikuwa yameshika maji. Nikakaa kwenye benchi la ukumbini. Nilirudi pale kila nilipotoka kazini, siku baada ya siku, nikisikiliza mashine ikimpumulia. Keiko alipita mbele yangu kama anayepita mbele ya kiti kitupu. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, nilikuwa nimelisikia tangu shule ya msingi, nikidhani ni la kuandikia insha. Niliomba Mungu, mwanangu, nikamwambia akimchukua huyu mama anichukue na ulimi wangu.

Asubuhi moja mashine ilikuwa imetolewa. Keiko akafungua mlango, akasema kwa sauti kavu, "Anakuita."

Cucu Fumi alikuwa ameegemea mito, mdogo kama mtoto. Aliniambia niketi. "Nimelala hapa nikifikiri," akasema. "Labda masikio yangu ni mabovu. Ulisema unakuja, au sikusikia vizuri?"

Nikamweleza. Kwetu, nikasema, mtu akiondoka husema anakuja. Ni adabu tu. Hatupendi kumwambia mtu tunamwacha.

Kisha akaniuliza, "Na mama yako? Ulipokuwa unaondoka kwenu, ulimwambiaje?"

Mama yangu, ambaye wewe hukumkuta, niliagana naye mlangoni kwetu Kiandutu. Alikuwa akiosha sufuria, mikono ina masizi, hata hakunishika asije akanichafua nguo. Nilimwambia, "Mami, nakuja." Nilitakiwa kukaa mwaka mmoja. Huu ulikuwa wa tatu, na mfukoni nilikuwa na ahadi ya kazi ya kukaa zaidi, nami sikuwa nimemwandikia hata mstari kumwambia.

Cucu Fumi aliona jibu usoni pangu. "Basi naye ameshika kikombe," akasema. Akageuka upande, akalala.

Sikuichukua ile kazi. Majira ya maua yalipofika nilikuwa nimefunga mizigo. Cucu Fumi alikuwa amepata nguvu ya kusimama mlangoni. Keiko ndiye aliyenibebea sanduku, na kituoni aliniinamia kichwa, nami nikamwinamia wangu. Nilipanda treni nikiwa mwepesi kidogo.

Sasa sikia nilichokikuta. Wakati nipo Japani, mamangu mdogo wa Murang'a alikuwa amejenga nyumba ya mawe, akamwita mama yangu akakae naye. Chumba chetu Kiandutu kilikuwa kinavuja. Mvua ikinyesha maji yaliingia mlangoni, na kikohozi kilikuwa kimeshamshika. Kila walipokuja kumchukua alikataa. Jirani yetu ndiye aliyenieleza, nikiwa bado nimesimama nje na sanduku. "Tulimwambia aende. Akasema, 'Huyu msichana alisema anakuja. Akija na asinipate, ataniulizia kwa nani?'"

Niliingia. Alikuwa ameketi kwenye stuli ile ile, beseni limewekwa katikati ya chumba kukinga matone. Alinitazama bila haraka.

"Umekuja?" akauliza.

"Nimekuja, mami."

"Haya. Nilikuwa hapa tu."

Kawia ufike, wazee walisema, na mimi namshukuru Mungu nilifika. Nilimhamisha mwezi ule ule. Lakini kile kikohozi hakikumtoka mpaka alipotuacha, na kila alipokohoa niliiona taa ile ya mawe.

Sasa, Wambui, weka simu chini. Huko uendako usijifungie chumbani kulia kwamba hakuna sukuma wiki. Toka. Panda vilima vyao, nenda kwenye sherehe zao, ule vitu usivyojua majina yake, uoge pamoja nao kwenye mabafu yao ya maji ya moto hata ukiona aibu. Ukisikia Kiswahili njiani, kimbilia, maana damu ni nzito. Lakini kabla hujatoka mlangoni mwambie mwenyeji wako unakwenda wapi na utarudi lini, na ukichelewa umwambie umechelewa. Usione unafungwa kamba. Anayekuuliza utarudi lini ndiye atakayeanza kukutafuta usiporudi. Nyumba isiyo na wa kukuuliza hivyo ni baridi kuliko theluji.

Na ahadi ni deni, umeambiwa hivyo tangu utotoni. Mimi naongeza kwamba deni hili hulipwa na miguu ya mwingine, akisimama. Alhamisi ukija kuniaga, usiniambie unakuja. Niambie, "Cucu, naenda." Litaniuma, nami nitalia kidogo, halafu nitaketi ninywe chai yangu ingali moto, nilale kitandani kwangu. Siku utakapokuwa na tiketi mkononi na tarehe unaijua, hiyo ndiyo siku ya kunipigia na kusema lile neno. Mwaka mmoja, miaka mitano, ni yako kuamua. Lakini ukilisema, ulibebe mpaka hapa getini.

Nenda basi, mwanangu. Mungu aliyemlinda mama yangu chini ya paa bovu akutangulie. Akupe huko cucu wa kukugombeza, na wewe uwe na masikio ya kumsikia. Njia ikufungukie kwenda na isikufungie kurudi. Nami anijalie miguu yenye nguvu, ili siku hiyo utakaposema unakuja, unikute nimesimama.