Futi na Mwamba Uliogeuka Mweupe

Kabla ya kuanza kuzamia alikuwa fundi cherehani, na jina la Futi alilipatia hukohuko, kwa sababu utepe wa kupimia haukumtoka shingoni hata akienda sokoni. Alikuwa na miaka arobaini na miwili pale mtafiti wa bahari, mama mpole aliyepanga chumba cha juu ya duka lake, alipomwambia anatafuta mtu mwenye jicho kali na mkono usio na papara.

"Kuogelea najua," Futi alisema. "Matumbawe ndiyo siyajui."

"Hayo nitakufundisha. Utulivu siwezi kumfundisha mtu."

Kila miezi mitatu walishuka mwambani, wakatandaza utepe wa mita hamsini, na kila nusu mita Futi akaandika, kwenye kibao cha plastiki, kitu kilichokuwa chini ya alama ya utepe: tumbawe hai, tumbawe lililokufa, mwani au mchanga. Alama mia moja. Huko chini mwamba wote ulitatarika taratibu, kama mafuta kwenye kikaango cha jirani, na samaki wa rangi ya limau walipita mbele ya miwani yake bila haraka. Mara nyingi alisahau kwamba ana mwili. Akirudi nyumbani, kitanda kiliendelea kumyumbisha, na mumewe akimsemesha, alimsikia kama yuko ng'ambo ya maji.

Mwaka wa nne, vipimajoto walivyovifunga mwambani vilionyesha joto kali lisiloshuka kwa wiki sita. Futi aliposhuka alikuta matumbawe yote yamekuwa meupe, tawi kwa tawi, kana kwamba amezama ndani ya duka la vitambaa vya harusi. Alibaki ameelea, ameduwazwa na uzuri, na ilimchukua muda kukumbuka kwamba anachokitazama ni ugonjwa. Miezi mitatu baadaye, hesabu ya yaliyo hai ilikuwa imeshuka kutoka arobaini na moja hadi kumi na moja.

Mtafiti akapendekeza sehemu ile ipumzishwe: pasitegwe madema ya kunasia samaki wala kutupwa nanga. Hapo ndipo alipovua kaka yake Futi kwa miaka thelathini.

"Jua ndilo limechoma," kaka alisema, "halafu mnanifungia mimi?"

"Jua silifikii, kaka. Twende ukaone."

"Nikaone nini? Bahari naijua."

"Unaijua kwa juu."

Wifi yake, aliyekuwa akichambua mboga mlangoni, akacheka. "Nenda bwana. Au unaogopa kulowa?"

Kwa hiyo kaka akavaa miwani ya kuzamia kwa mara ya kwanza maishani. Alielea kifudifudi, amemshika Futi mkono kama walivyokuwa wakivuka barabara kwenda shule. Mwanga ulitembea juu ya matawi meupe yaliyoanza kufunikwa na mwani. Katikati yake ilipita mifereji mirefu, matumbawe yamevunjwavunjwa.

Walipopanda botini, kaka akavua miwani.

"Ile mifereji ni ya nini?"

Futi angeweza kusema ni mawimbi. "Ni ya nanga."

"Yangu?"

"Yako na za wengine. Ila zaidi ni yako."

Kaka akakamua fulana yake polepole. "Miaka yote nilidhani naitupa kwenye mawe."

Kwenye mkutano wa wavuvi hakuhutubia. Alisema tu kwamba yeye amehama pale, anavua kwingine, na akaomba yawekwe maboya ili vyombo vifungwe hapo badala ya kutupa nanga. Wawili walinung'unika, wengine wakakubali.

Miaka miwili baadaye hesabu ilikuwa kumi na tisa. Futi hakuamini, akahesabu upya. Kumi na tisa. Kando ya utepe, ndani ya mfereji mmoja, aliona tumbawe changa la zambarau, dogo kama ukucha. Alilitazama mpaka mtafiti akamgusa bega kumwashiria kwamba hewa ya mtungi inaisha.

Jioni alimpitia kaka yake, akamsimulia yote.

"Kumi na tisa si haba," kaka alisema. "Na hilo dogo umelihesabu?"

"Halikuangukia kwenye alama."

"Basi liandike hata pembeni."

Futi akatoa penseli, akaliandika pembeni.