Meza ya Wakazi

Walimwita Mama Turubai kwa sababu ya kazi yake. Alishona maturubai ya malori, kazi aliyoachiwa na marehemu mumewe pamoja na cherehani nzito na karakana yenye chumba cha kulala juu. Zamani mtaa ule ulijaa watu. Kiwanda cha misumari kilipofungwa, familia zikahama moja moja, na vyumba vya juu vikageuzwa stoo za maboksi. Mchana palikuwa na makelele ya vyuma. Ikifika saa kumi na mbili jioni mafundi walifunga milango, wakaenda makwao, naye akapanda ngazi peke yake. Jumapili ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Kuna Jumatatu moja alipotaka kumsalimia mchomeleaji wa jirani, sauti ikamkwama kooni. Hakuwa ameitumia tangu Jumamosi.

Mchomeleaji huyo, aliyejulikana kwa jina la Cheche, ndiye aliyekuwa mtu wake. Kila asubuhi aligonga mlango wake wa bati mara mbili.

"Dada, umeamka, au tulete jeneza?"

"Tangulia wewe, mimi nina kazi za watu!"

Basi, siku imeanza.

Mwaka mmoja manispaa ikaitisha mikutano ya kupanga mustakabali wa eneo zima: viwanda vibaki wapi, maduka yawe wapi, nyumba zijengwe wapi. Watu walikutana kwenye bwalo la kile kiwanda cha misumari. Ukutani palitandazwa ramani, na afisa mipango miji, msichana mwenye miwani, akampa kila mtu stika mbili: nyekundu abandike anapofanya kazi, kijani anapoishi.

Mama Turubai akabandika zote mbili mahali pamoja.

"Samahani mama," afisa akasema, "hapo kwenye kumbukumbu zetu hakuna mkazi."

"Basi mimi ni mzimu, mwanangu. Tena mzimu mwenye cherehani."

Watu wakaangua kicheko. Naye akacheka, mpaka alipoitazama tena ramani akaona mtaa mzima una kijani kimoja tu.

Mkutano wa pili waligawanywa kwenye meza: wenye karakana, wenye maghala, madereva, wakazi. Meza ya wakazi ilikuwa na viti sita. Akakalia kimoja.

"Dada, njoo huku kwetu!" Cheche akamwita. "Hapo utaongea na nani?"

"Nikija huko, hapa patabaki mbao tu."

Akawekewa karatasi kubwa na kalamu nene. Akaandika maji, taa za barabarani, zahanati. Halafu akaandika: majirani.

Afisa alipopita akalisoma lile neno mara mbili. "Hili sisi hatuwezi kulijenga, mama."

"Nyinyi jengeni vyumba juu ya karakana. Watakuja wenyewe."

Zamu yake ilipofika, alisimama akasema meza yake inapendekeza chini kazi, juu makazi, kama alivyoishi yeye miaka thelathini. Hali ikachafuka. Cheche ndiye aliyesimama wa kwanza.

"Watu wakihamia, mwezi wa kwanza wanasalimia. Wa pili wanalalamika kelele. Wa tatu tunafungiwa kazi! Dada, unataka kututia njaa kwa sababu ya upweke wako?"

Neno hilo lilimchoma. Hakuwahi kumwambia mtu.

"Waandikiwe kwenye mikataba," akajibu polepole. "Kwamba karakana ziliwatangulia, na kelele ni ruksa mpaka saa kumi na mbili jioni. Wakilalamika, mimi nitakuwa upande wenu."

Cheche akaketi bila kumtazama.

Pendekezo lilipita, pamoja na sharti lake la kelele. Afisa akampigia simu kumpongeza. Alishukuru, akakata simu, akageuka ili amsimulie mtu. Palikuwa na mlundo wa maturubai tu. Asubuhi iliyofuata hakuna aliyegonga bati, wala zile zilizofuata. Akienda kumjulia hali Cheche, alijibiwa "salama" kutoka nyuma ya kinga ya uso, kazi ikiendelea.

Ikapita miaka miwili ya namna hiyo. Vyumba vya kwanza vilipokamilika ng'ambo ya barabara, akahamia nesi mmoja na mama yake mzazi. Mama Turubai alisimama dirishani akiwatazama wakipandisha vitanda. Alitamani kushuka, akaona haya. Ataanzaje? Awaambie kwamba aliwaomba mkutanoni kabla hajawajua?

Alishuka kesho yake, akapiga hodi. Nesi alikuwa kazini. Mama yake akafungua, akamtazama toka kichwani mpaka miguuni.

"Karibu, ndugu yangu. Kiti ni kimoja, hicho kingine kimekaliwa na masufuria."

Wakayashusha. Hawajamaliza hata kuulizana habari za nyumbani, mashine ya kukata chuma ikanguruma upande wa pili wa barabara. Mwenyeji akaziba masikio.

"Mungu wangu! Ni nani huyo?"

"Ni mchomeleaji. Ana haki yake mpaka saa kumi na mbili." Mama Turubai akageukia dirisha, akisikiliza. "Mtu mzuri sana. Tulikuwa tunataniana kila asubuhi."