Mtetemeko wa Fundi Salumu

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa sufuria, unga wa ngano na jiko la mkaa, nikadhani nimeajiriwa kuwa mpishi. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Nilikuwa nimemaliza shule ya misheni na nilitoka nyumbani Kihesa nimevaa shati langu la kanisani. Jumba la makumbusho lilikuwa nje kidogo ya mji wa Iringa, nyumba ya mawe iliyoachwa na Wajerumani. Vyumba vya mbele vilikuwa na mikuki na ngoma za kuonyesha wageni. Chumba cha nyuma kilikuwa cha karatasi: ramani, barua za machifu na mashauri ya zamani, vyote vimeliwa na mchwa au vimeoza kwa unyevu. Kazi yetu ilikuwa kuzizuia zisipotee kabisa.

"Wewe Mhehe?" aliniuliza mtu mmoja aliyekuwa ameinama mezani, bila kuinua macho.

"Ndiyo, mzee."

"Kamwene, basi," alinisalimu kwa Kihehe. "Koroga uji huo, usishike chini. Ukiwa na mabonge tutaula sisi."

Huyo ndiye Fundi Salumu. Babu yake alikuja bara na misafara kutoka pwani, asirudi tena. Yeye mwenyewe alizaliwa Iringa na kujifunza kwa mjomba wake kujalidi misahafu, yaani kushona kurasa na kuzivika jalada la ngozi. Alikuwa mtu mpole, mwenye utani wa chini chini, na hakuna adhana iliyompita.

Uji ule ulikuwa gundi. Tuliuchuja kwenye kitambaa mpaka ukawa laini. Karatasi iliyochakaa tuliilaza kwanza kwenye sinia la maji ili uchafu utoke, tukaikausha kati ya karatasi nene za kunyonya maji. Palipochanika tulipaka gundi kwa brashi nyembamba na kubandika hariri nyepesi, nyepesi kiasi cha kusomeka maandishi chini yake. Mwisho tuliibana kwenye shinikizo, vyuma viwili vinavyokazwa kwa kuzungusha mpini.

"Usiivute," Fundi aliniambia kila mara. "Karatasi mbichi haina mfupa. Ipokee kwa kiganja."

Mkuu wetu alikuwa Mwingereza tuliyemwita Bwana Mtunza. Alizipenda zile karatasi kwa dhati, sina budi kusema hivyo. Kila gundi ilipokuwa tayari alikuja na kopo la majani ya chai lenye unga mweupe ndani, akaagiza tuchanganye kidogo.

"Dawa ya wadudu," alisema. "Ukitia hii, mchwa hagusi tena."

Niliuliza kama ni kali. Akacheka. "Usiitie kwenye chai yako tu."

Hayo ndiyo maonyo pekee tuliyopata. Fundi Salumu alikuwa na mazoea aliyorithi kwa mjomba wake: kabla ya kupaka mahali pembamba aliichonga ncha ya brashi kwa midomo. Alifanya hivyo siku nzima, kama mshonaji anavyolamba uzi. Mimi brashi nyembamba sikupewa kwa muda mrefu, kwa hiyo sikuyashika mazoea hayo. Naamini ndiyo maana niko hai kuwaandikia.

Mabadiliko yalikuja polepole. Kwanza Fundi alilalamika kwamba mdomo una ladha ya shaba. Fizi zikaanza kutoa damu, jino likang'oka akila hindi la kuchoma. Mtu aliyekuwa mpole akawa anafoka kwa kitu kidogo, kisha anakaa kimya kwa aibu. Bi Mwanaidi, mkewe, alinisimamisha njiani siku moja.

"Mwanangu, huko kazini mnamfanya nini baba watoto? Jana amemtupia mtoto bakuli. Hajawahi."

Ndipo nilipoanza kuitazama mikono ya Fundi, nikaona vidole vinatetemeka anaposhika kikombe.

Masika yaliyofuata paa la ghala la karatasi la Mbeya lilivuja, tukapelekwa huko sote watatu, Bwana Mtunza, Fundi na mimi, kuokoa zilizolowa. Tulisafiri kwa lori, baridi ikitukata masikio. Mbeya tulipewa banda lenye sakafu ya saruji, tukatandaza karatasi mbichi kila mahali. Fundi alifikia kwa binamu yake karibu na msikiti. Kazi ilikuwa nyingi, na gundi tuliipika asubuhi na jioni.

Siku moja Bwana Mtunza alileta wageni, akiwemo Bwana Shauri, mkuu wa wilaya. Kwenye meza kulikuwa na ramani ya Mjerumani iliyochorwa kwa mkono, hakuna nyingine kama hiyo. Bwana Mtunza aliwaambia watazame fundi wake anavyopunguza kingo za hariri. Fundi Salumu aliinua kisu. Mkono ukaruka. Kisu kikapita katikati ya ramani kutoka ukingo hadi ukingo.

Bwana Mtunza, uso umemwiva, akasema kwa Kiswahili ili sote tusikie, "Mtu huyu amelewa."

"Sijalewa, Bwana."

"Tazama mkono wako! Toka. Usirudi."

Nilisogea mbele. "Bwana, Fundi hanywi. Ni Mwislamu, anaswali."

"Nimewaona Waislamu wengi wanaokunywa. Rudi kwenye kazi yako."

Fundi alikiweka kisu mezani, akavaa kofia yake na kutoka. Neno lile lilimtangulia mjini. Dereva wa lori alilifikisha Iringa kabla ya wiki kwisha, na Bi Mwanaidi, ambaye kwa muda mrefu alikuwa ameona hasira na mtetemeko bila kujua chanzo, akaamini. Alimchukua binti yao akaenda kwa kaka zake Kilosa.

Nilimpeleka Fundi hospitalini huko huko Mbeya nikiwa nimemshika kiwiko. Miguu ilikuwa imevimba. Dresa, yaani msaidizi wa daktari, aliyetupokea alikuwa Mnyakyusa aliyewahi kufanya kazi Chunya, kwenye machimbo ya dhahabu. Alimwambia anyooshe mikono, akamfungua mdomo, akatazama fizi.

"Mzee, umechimba dhahabu?"

"Mimi ni fundi wa karatasi."

"Basi zebaki umeipata wapi? Nimewaona wengi Chunya wa namna hii, wale wanaochoma dhahabu juu ya moto na kuvuta ule moshi."

Nilimweleza kuhusu kopo la chai. Aliniomba nilete unga kidogo, daktari akautazama, na jibu likawa lile lile: unga ule ulikuwa na zebaki ndani yake, na hiyo ni sumu. Figo zilikuwa zimeshaharibika.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Bwana Mtunza. Alinisikiliza akiwa amesimama dirishani.

"Dawa hiyo inatumika hata Ulaya," alisema.

"Uliwahi kuichanganya kwa mikono yako, Bwana?"

Alinipa mgongo. Nikamwomba jambo moja tu: aende msikitini, au amwandikie binamu aliyempokea Fundi, aseme hakuwa mlevi.

"Nikisema hivyo," alijibu taratibu, "nitakuwa nimesema jambo jingine pia."

Nilielewa: angekuwa amekiri kwamba dawa yake ndiyo iliyomdhuru. Jumapili ile sikwenda kanisani. Nilikwenda nikasimama nje ya msikiti pamoja na yule dresa mpaka wazee walipotoka, nasi tukawaeleza. Wengine walitutazama kwa mashaka, lakini imamu alikwenda jioni ile ile kumtazama mgonjwa, na wazee wawili wakamfuata. Fundi Salumu alilia alipowaona. Hakuishi sana baada ya hapo. Walimzika kwa heshima, na mimi, Mlutheri, nilipewa nafasi ya kutia udongo.

Nilimwandikia Bi Mwanaidi kule Kilosa, kupitia kwa kaka yake mmoja. Barua ilirudi, jina la kaka huyo halikujulikana posta.

Kopo lile sikuligusa tena. Gundi niliipika ya siku moja na kuimwaga iliyobaki, Bwana Mtunza akaona, asinizuie. Baadaye alihamishwa, wakaja wengine, nami niliendelea na kazi ile hadi kustaafu. Vijana waliochukua nafasi yangu wanavaa glavu na wana mashine za kuvuta hewa. Wakinicheka ninavyofunua kila chupa na kuuliza kilichomo, nawaacha wacheke, mradi nijibiwe.

Mwaka niliostaafu, mama mmoja wa makamo alibisha hodi Kihesa. Alikuwa ameuliza nyumba hadi nyumba. Alikaa kwenye ukingo wa kiti, akakataa chai.

"Mimi ni binti wa Salumu aliyekuwa makumbusho," alisema. "Nimekuja na swali moja tu. Baba alikuwa mlevi?"

Nilimweleza yote, tangu brashi hadi kaburi. Alisikiliza bila kunikatiza.

"Mama alifariki mwezi uliopita," alisema. "Hadi mwisho hakutaka jina la baba litajwe."