Hesabu ya Vibofu vya Chemchem

Mume wangu alipokufa kwa homa nilirudi kwa baba, kijijini Tura, nikakaa mwezi mmoja tu. Kaka yangu alikuwa ameshajaza mahindi chumba nilicholelewa, na kila nilipotoka kwenda chooni mke wake alinisindikiza kwa macho kisha akasema kwa sauti, "Huyu naye! Sasa hivi tu ametoka huko." Nilipanda treni kwenda Tabora. Sikuwa na ndugu mjini, lakini wamisionari wa Kimoravian walikuwa wamenifundisha kusoma na kuandika. Kwa sababu hiyo nikapewa kazi katika zahanati moja: kufagia asubuhi, na mchana kutafsiri maneno ya Wanyamwezi waliotoka vijijini bila Kiswahili.

Choo cha mara kwa mara kilikuwa na sababu. Tangu mwaka wa pili wa ndoa yangu niliumwa kibofu. Ilikuwa kama kaa la moto limewekwa nyuma ya kinena. Nikienda haja ndogo linapoa kidogo, halafu linawaka tena kabla sijafunga kanga. Mama aliniambia wanawake wote wako hivyo. Mume wangu hakuwahi kuniuliza, nami sikuwahi kumwambia.

Mganga wa zahanati alikuwa Mwingereza mwembamba, mpole, aliyependa sana hadubini yake. Mkojo wa mwenye kichocho aliujua, wa mwenye kisonono aliujua. Kilichomsumbua ni wale walioshika tumbo na kulia, halafu mkojo wao unaonekana safi kama maji ya kisima. Akataka kujua ni wangapi mjini, wanawake na wanaume. Akachukua daftari, akachora mstari katikati ya kila ukurasa: kushoto wanaume, kulia wanawake. Akatutuma mtaa wa Chemchem, mimi na dresa, yule msaidizi wake wa kufunga vidonda. Swali lilikuwa moja: una maumivu ya kibofu yaliyodumu kuanzia mvua zilizopita hadi leo? Anayekubali alete mkojo upimwe.

Siku ya kwanza tuliingia ua mmoja tukakuta wazee wamekaa mkekani. Ujana wao waliumalizia katika njia ya misafara, wakibeba pembe za ndovu kwenda pwani.

"Shikamooni, wazee."

"Marahaba."

Dresa alipouliza swali lake, mzee mmoja alisimama kabisa. "Andika! Anza na jina langu. Miezi mitatu hadi Bagamoyo, pembe begani, na mkuu wa msafara haruhusu mtu kutoka mstarini kwenda kukojoa. Kibofu changu kilifia njiani!"

Wenzake wakacheka, kisha wakakubali mmoja baada ya mwingine, kila mtu na safari yake, kila mtu na kituo chake alichozidiwa. Hata mwanamume mmoja aliyezaliwa misafara ikiwa imeshakwisha alidai aandikwe. Mke wa yule mzee wa kwanza alikuwa akipepeta mtama pembeni. Nilimwona akisimamisha ungo na kujibana mapaja, ameuma mdomo, akingoja kitu kipite. Nikamwendea na swali.

Akamtazama mumewe kwanza.

"Huyo?" mzee akasema. "Huyo anaumwa mdomo tu. Alibeba pembe gani?"

Ua mzima ukacheka. Bibi naye akacheka. "Hapana, mwanangu," akaniambia. "Mimi sina kitu." Nikaandika hapana.

Nikaona kwamba nikiwauliza mbele ya waume zao sitapata kitu, basi nikaanza kwenda peke yangu asubuhi, wanaume wakiwa kazini. Wanawake wakanikaribisha, wakanipa uji, wakanieleza habari za jirani, za wifi, za marehemu shangazi. Habari zao wenyewe hawakutoa.

Wa kwanza kukubali alikuwa mke wa fundi seremala, binti wa watu wa Lusu aliyeolewa mjini. Nilimjua kabla hajafungua mdomo. Alikaa kwenye ncha ya kigoda, uzito wote kwenye paja moja, kama ninavyokaa mimi. Kibinti chake cha miaka minne hivi kilikuwa kinacheza na maranda ya mbao mlangoni.

"Dada," akaniuliza, "ukiniandika, mume wangu atajua?"

"Daftari ni la Bwana Mganga. Halisomi mtu mwingine."

"Basi naumwa. Naumwa tangu nilipomzaa huyu. Kuna siku natamani kukikata hiki kibofu nikitupe." Akafuta macho kwa kanga. "Na wewe, dada? Wewe huumwi?"

"Mimi? Hapana," nikasema. Nilisema upesi, hata sikufikiri. Mwenye kuandika hakutakiwa kuwa mgonjwa, hivyo ndivyo nilivyojiambia.

Alileta mkojo wake katika chupa siku ya pili. Mganga akautazama kwenye hadubini, akasema ni safi kabisa, akafurahi kama mtu aliyepata alichopoteza. Mimi pia nilifurahi. Kwa siku chache niliamini kwamba safu ya kulia itajaa.

Dresa ndiye aliyenakili majina kila jioni. Siku moja nilifungua daftari nikakuta kando ya jina la mke wa seremala ameandika: kisonono.

"Mkojo wake ulikuwa safi," nikamwambia. "Bwana Mganga ameuona mwenyewe."

"Mwanamke akiumwa huko chini ni ugonjwa mmoja tu," akajibu. "Wewe kazi yako ni ufagio."

Sikwenda kwa mganga. Ilikuwa hatua kumi kutoka pale nilipokuwa nimesimama hadi mlangoni kwake, na mlango ulikuwa wazi. Nilichukua ufagio.

Dresa alikuwa ameagiza kabati kwa yule seremala. Walipokuwa wakizungumza habari za kabati, sijui kwa kujisifu au kwa uchovu wa kungoja, akamwambia, "Fundi, mwangalie mkeo. Yumo kitabuni."

Mimi na dresa tulipita pale siku iliyofuata alasiri, daftari likiwa mkononi mwangu. Watu walikuwa wamejaa mbele ya nyumba. Mwanamke amesimama uani na mzigo wa nguo miguuni, na mama mkwe amekishika kile kibinti ndani, tunasikia kinavyolia. Seremala alikuwa na randa mkononi bado.

"Wewe mama wa kitabu," akaniita. "Njoo. Soma mbele ya watu."

Yeye alisoma herufi za Kiarabu tu, alizofundishwa chuoni utotoni. Za Kizungu hakuzijua. Ningeweza kusoma chochote. Ningeweza kusoma homa, kichocho, hata safura. Lakini dresa alisimama karibu yangu, naye alijua kilichoandikwa kwa sababu alikiandika yeye, na mimi nilikuwa na chumba cha kulipia na hakuna mtu Tura aliyeningoja.

Nikasoma. Jina lake, jina la mtaa, na lile neno.

Mama mmoja akatema mate. Mke wa seremala akanijia, akanishika mkono. "Dada, waambie. Waambie mkojo wangu ulikuwa safi. Wewe ulikuwepo."

"Mimi naandika tu," nikasema.

Seremala akamwambia, "Nimekuacha," akarudia tena, kisha akaenda kwenye ubao wake. Mwanamke aliomba amuage mtoto wake. Mama mkwe akafunga mlango. Basi akajitwika mzigo akashika njia ya Nzega kurudi kwao, safari ya siku kadhaa kwa miguu, na watoto wa mtaa wakamfuata hadi nyumba ya mwisho wakimwita lile neno nililolisoma.

Tangu siku ile kazi ikawa nyepesi. Nilipopiga hodi, wanawake walijibu hapana kabla sijamaliza swali. Wengine walijibu wakiwa ndani, mlango umefungwa. Yule mmoja aliyekubali naye alifutwa, kwa kuwa mwenye kisonono hakuhesabiwa, na mganga alifuata nakala ya dresa, hakukumbuka tena chupa ipi ilikuwa ya nani. Mganga alipokaa kujumlisha, safu ya kushoto ilikuwa imejaa wapagazi wa zamani, na ya kulia ilikuwa nyeupe.

"Kumbe ni ugonjwa wa wanaume," akasema. "Inapendeza sana. Lazima ni ile mizigo."

"Labda wanawake hawasemi, Bwana," nikajaribu.

Akaniangalia kwa upole. "Si uliwauliza wewe mwenyewe, mwanamke kwa mwanamke? Kwa nini wasikwambie?"

Jibu la kweli lingenitoa kazini, nikarudi kwenye ufagio. Akaandika barua yake, ikaenda Dar es Salaam kwa treni. Wazee wa misafara wakapewa chupa za dawa kila mwezi. Mwanamke aliyekuja kulalamika alipelekwa kwa dresa, aoshwe ndani kwa maji ya zambarau ya kisonono, na mimi ndiye niliyeshika miguu. Walipiga kelele. Nilishika kwa nguvu zaidi, ili yaishe upesi.

Baada ya mavuno niliomba ruhusa, nikapanda lori hadi Nzega, nikatembea hadi Lusu. Nilimkuta mke wa seremala nyuma ya nyumba ya kaka yake, anakata viazi vya kuchemsha avianike juani viwe matobolwa. Alikuwa amekonda. Hakunikaribisha wala hakunifukuza.

Nikamwambia nilichokuja kusema. "Na mimi naumwa. Kama wewe."

"Tangu lini?"

"Zamani. Kabla sijaja kwako."

Kisu hakikusimama. Alikata kiazi, akapanga vipande, akakata kingine.

"Mwanangu umemwona?" akauliza.

"Nimemwona. Anamwita bibi yake mama."

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Ilikuwa kweli, na ningeweza kunyamaza, kama nilivyonyamaza palipotakiwa maneno. Akainama juu ya ungo hata sikuuona uso wake. "Nenda," akasema. "Kaka yangu anarudi sasa hivi, na nimemwambia nani aliyesoma."

Lori la karanga lilinichukua barabarani. Nilikaa juu ya magunia na kila mtikisiko ulinichoma. Nikagonga bati la dereva, akasimama, nikashuka kichakani, nikapanda. Nikagonga tena. Abiria wanaume wakaanza kuhesabu kwa sauti. Mara ya nne dereva alinishushia mzigo wangu nikiwa bado nimechuchumaa, akasema karanga za watu haziwezi kungoja kibofu cha mwanamke mmoja, akaondoka. Ilikuwa mchana, jua kali, na Tabora ilikuwa bado mbali. Nikafunga kanga, nikaanza kutembea.