Fungu la Mpita Njia

Siku hizi pale sokoni Garissa wanauza dafarur kwenye vipakiti, wakikueleza kwamba matunda haya madogo ya porini yanaongeza damu. Ebo! Ayeeyo wangu Batula, bibi mzaa mama, alilijua hilo kabla baba zao hawajazaliwa. Aliyaanika, akayatwanga na kokwa zake, akayaloweka, akakamua, akachanganya na maziwa ya mbuzi. Mzazi alinyweshwa kila asubuhi mpaka arubaini iishe.

Mwaka 1967 serikali ilitufungia kijijini, ndani ya uzio wa miiba, ati tusiwalishe shifta, waasi waliokuwa wakipigana nayo. Mama yangu, Hinda, alinizaa humo humo, akatokwa na damu nyingi mno. Mbuzi tulishanyang'anywa. Zilibaki dafarur tu, nazo zilikuwa nje ya uzio. Ayeeyo alimbembeleza askari mpaka akapewa kibali: atoke asubuhi, achume, arudi kabla ya jua kali.

Alimpa mama juisi ile tupu, bila maziwa. Siku ya nne mama akaweza kuketi. Siku ya tano akanichagulia jina.

Lakini Ayeeyo hakuwahi kuchuma kichaka bila kumwachia mpita njia fungu lake. Konzi moja ndani ya kitambaa, anafunga tawini. Ndivyo alivyofundishwa na mama yake, na mkono ulishazoea. Doria ikaviona vile vifurushi.

"Mama, unawalisha shifta?"

"Ni vya mpita njia, mwanangu."

"Mpita njia gani? Hapa nani anaruhusiwa kupita?"

Wallahi, swali lile mpaka leo linanichoma. Wakachana kibali, wakatia moto vichaka vyote karibu na uzio. Baada ya siku tisa mama akafa. Ayeeyo aliulaani mkono wake mwenyewe, mbele ya watu.

Nilipofika miaka saba, vita vimekwisha, mchunga mifugo mmoja alisimama mlangoni petu, midomo imepasuka kwa kiu. Akaomba dafarur kidogo tu.

"Hamna," Ayeeyo akasema. Gunia lilikuwa nyuma yake, limejaa.

"Ayeeyo, si hizi hapa?" nikauliza.

Akanizaba kofi. Yule mtu akamwombea heri, akaenda zake, na Ayeeyo akafunga mdomo wa gunia.