Kikombe Chini ya Goti

Katika milima ya juu ya mto Drin, mwanamume ambaye neno lake limeanguka hafukuzwi. Analetewa kikombe cha raki, pombe yetu kali, kama wenzake, ila mwenyeji hukipitisha kwanza chini ya goti ndipo ampe. Lulash alinyweshwa hivyo miaka kumi na minne.

Hakuwa mwongo. Alikuwa mchukuzi mwenye nyumbu watatu, aliyeshuka kila msimu na sufu hadi bandari ya Waveneti na kurudi na chumvi. Ndiyo maana wazee walimchagua yeye kupeleka barua yetu pwani. Wakati huo tulikuwa na padri wa Kiitalia, Padri Bonifasi, mtu mwembamba asiyetulia, ambaye ramani yake ilichorwa misalaba hadi Istanbuli. Alituambia Roma na Venisi zinangoja tu kusikia kwamba mlima uko tayari kusimama dhidi ya pasha, gavana wa Sultani. Tukiomba baruti, itakuja. Wazee wakaiwekea barua alama za vidole. Lulash akaishona ndani ya tandiko.

Alirudi na masanduku sita mazito yenye lakiri nyekundu. Karani wa bandarini alikuwa amemwambia, "Humu mna mlichoomba." Lulash hakugusa lakiri. Mzigo uliofungwa ni amana, na kwetu mchukuzi anayefungua amana hana tofauti na mgeni anayechungulia chumba cha wenyeji. Mzee Vuksan, mkuu wa kijiji, alimuuliza mara moja tu, mbele ya watu wote, kama baruti imefika. Angeweza kusema hajui.

"Imefika," alisema. "Nawapa besa."

Mtu akishatoa besa, kiapo cha heshima yake, hachunguzwi. Kufungua sanduku machoni pake ni kumtukana. Padri naye alitaka yafunguliwe altarini, siku ya Mtakatifu Joji. Basi yakakaa kanisani siku tisa, na siku ya nane vijana wetu, wakiitegemea baruti hiyo, wakawafukuza askari wa pasha kutoka mnara wao wa ulinzi.

Siku ya tisa tukafungua, tukakuta katekisimu, vitabu vya mafundisho ya dini. Mia sita, mpya, zinanuka wino, katika lugha yetu wenyewe, ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyejua kuisoma.

Pasha alileta watu elfu mbili. Kanisa lilichomwa. Walikufa wanaume thelathini na mmoja, na mmoja wao alikuwa Preng, mwana pekee wa Lulash. Padri Bonifasi alitoroshewa pwani, na huko, nasikia, aliandika kwamba watu wa milimani wana kiu ya vitabu. Dava, mke wa Lulash, alikaa hadi arobaini ya mwanawe ilipokwisha. Hakumlaumu mumewe. Alikunja blanketi lake akasema, "Siwezi kukutazama ukinywa," akarudi kwa kaka zake.

Lulash aliendelea kubeba chumvi. Majirani walimsikia akimuuliza nyumbu kama mvua itanyesha, kisha akinyamaza kidogo, kama anayempa nafasi ya kujibu. Kwenye mikusanyiko hakukosa, maana asiyekwenda amekubali kwamba ameshakufa. Alikaa karibu na mlango. Kulikuwa na wa kumtania: "Mzee Lulash, eti katekisimu inapiga mbali kuliko bunduki?" Alitabasamu, akapokea kikombe kutoka chini ya goti, akanywa.

Mwaka wa kumi na nne akaja padri mwingine, kijana, na ramani kama ile. Mzee Vuksan, ambaye sasa macho yake yalikuwa na ukungu, alimwita Lulash nyumbani kwake. Wazee wote walikuwepo. Alimimina raki mwenyewe, akanyoosha mkono juu ya goti, si chini yake.

"Kunywa, ndugu yangu. Yale yamekwisha. Njia ya pwani unaijua wewe. Tunataka barua ishuke, nawe urudi utupe neno lako."

Lulash alikishika kikombe kwa mikono miwili.

"Na nikirudi na masanduku, mtayafungua kwanza?"

Vuksan alionekana kuumia. "Tukuchunguze wewe, ukishatoa besa? Sisi si watu wa namna hiyo, Lulash."

Lulash akainua goti lake, akakipitisha chini yake kwa mkono wake mwenyewe, akanywa hadi tone la mwisho. Akakiweka sakafuni, akavaa kofia, akatoka kwenda kuwalisha nyumbu.